Nani Alijenga Ukuta Huu

Mama yangu mzazi ndiye aliyeiambia ofisi ya usajili wa wakandarasi kwamba si mimi niliyejenga bwawa la kijijini kwetu. Alipigiwa simu, akaulizwa kwa heshima zote, naye akajibu bila hata kukohoa. Hapana, si huyo. Tulijenga sisi. Kisha akakata.

Siku hizi nalisimulia hilo nikicheka mpaka machozi yanitoke. Siku yenyewe sikucheka. Nilikuwa nimeketi ndani ya saiba moja ya intaneti pale mjini Kabati, mbele ya skrini iliyoniambia kwamba ombi langu limerudishwa kwa kuwa kazi nilizotaja hazijathibitishwa na wenyewe. Mama mwenye saiba alinisomea mara mbili, pole pole, akidhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Nilitamani kuizaba ile kompyuta kofi.

Mimi ni mtu wa konkriti. Kuna wanawake huku wanaojulikana kwa kusuka vyondo na wengine kwa sauti zao kwenye kwaya. Mimi najulikana kwa kuta zisizofanya nyufa. Nilianza kwa kubeba maji ya kuchanganyia simiti, nikasogea nikawa wa kushika koleo, nikasogea tena nikawa yule anayesema mchanga huu ni mzuri na ule una udongo. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nilisimama karibu na mafundi mpaka wakachoka kunifukuza.

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi chini ya karatasi ya mtu mwingine. Asiyejua ujenzi wa huku anaweza kushangaa, kwa hivyo nieleze. Ukitaka kupewa kazi ya umma, hata kama ni kalvati ya kupitisha maji chini ya barabara au sakafu ya darasa, sheria inataka mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye laiseni inayofanywa upya kila mwaka, na kazi yenyewe iandikishwe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Mimi nilikuwa na mikono bila karatasi. Kulikuwa na bwana mmoja wa Emali aliyekuwa na karatasi bila mikono. Tukakutana hapo.

Sitamsema vibaya sana, alikuwa na adabu zake. Lakini yule bwana hakujua mchanga wa mto ni upi na wa shimoni ni upi. Jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kibao cha saiti, nami nilikuwa chini ya kibao nikipiga kelele. Mkaguzi akija, swali lilikuwa moja: mkandarasi yuko wapi? Jibu langu nalo lilikuwa moja: yuko njiani. Bwana huyo alikuwa njiani kwa miaka kumi na moja. Akifika, alifika siku ya kukabidhi kazi, viatu vinang'aa, akasalimiana na wakubwa, akapigwa picha mbele ya ukuta wangu. Mimi nilisimama kando na koleo mkononi, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Kisha ikaja habari ya kivuko cha konkriti upande wa Ikutha, mahali ambapo mto wa msimu ukijaa watoto wanakosa shule na wagonjwa wanasubiri ng'ambo mpaka maji yapungue. Kamati ya wenyeji ndiyo iliyoachiwa kupendekeza mkandarasi. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alikuwa ameziona kazi zangu. Akaniita kando baada ya mkutano.

"Sisi tunataka wewe," akasema. "Huyo bosi wako hatujawahi kumuona akishika hata jiwe. Lakini siwezi andika jina yako bila laiseni, nitaulizwa mimi. Tunafunga Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Ukileta, ni yako. Usipoleta, naandika yeye."

Kwa hivyo jambo lilikuwa hilo tu. Nipate cheti chenye jina langu kabla ya Jumatatu ile, au nirudi chini ya kibao cha mtu, niseme yuko njiani mpaka nizeeke. Umri wangu haukuwa wa kusubiri nafasi nyingine. Magoti yalikuwa yameanza kunisema.

Nikaanza kufuata karatasi. Watu hulalamika kuhusu karatasi, nami nililalamika kuliko wote, lakini kusema kweli nyingi zilitoka vizuri. Jina la biashara nililolitaka lilikuwa limeshachukuliwa, la pili pia, la tatu likapita. Cheti cha kodi nikapata. Mtihani wa ufundi nikaufanya katika chuo kimoja cha ufundi, nikiwa mwanamke pekee na mzee kuliko mwalimu aliyenisimamia. Akaniuliza kwa Kiingereza jina la kipimo cha ulaini wa konkriti. Jina sikulijua. Nikainama, nikachota konkriti kwa kiganja, nikaifinya, nikamfungulia mkono mbele ya uso wake. "Hii iko sawa," nikamwambia. "Ile ya yule jamaa pale itapasuka." Akaenda kuangalia ya yule jamaa. Akarudi, akaandika kitu kwenye daftari lake, nami nikafaulu.

Kikabaki kitu kimoja. Fomu ilitaka kazi tatu nilizowahi kuzisimamia, pamoja na majina na simu za watu waliojengewa. Kazi za bwana wa Emali sikuweza kuzitaja, kwa maana kwenye makaratasi zilikuwa zake. Nikataja mabwawa matatu ya mchanga, yote upande wetu wa Makueni, nyuma ya Emali, nilikozaliwa. Bwawa la mchanga ni ukuta wa konkriti na mawe unaoukata mto wa msimu. Mvua ikinyesha, ukuta unazuia mchanga, na mchanga unahifadhi maji ndani yake. Kiangazi kikifika, watu wanachimba kidogo tu na kuyapata. Mabwawa yale yalijengwa na vikundi vya akina mama, mimi nikiwa fundi wao. Cha kwanza mwenyekiti wake ni mama yangu. Vile viwili vingine viko vijiji vya jirani, na wenyeviti wake ni rafiki zake wa kanisani. Nikaandika simu zao zote tatu nikiwa nimetulia kabisa. Nani angenisemea vizuri kuliko hao?

Wote watatu wakanikana.

Hapa lazima nikiri ujinga wangu. Vikundi vile vinafanya kazi kwa mwethya. Mwethya ni desturi yetu Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja: leo tuko shambani kwako, kesho tunachimba mtaro kwangu, na hakuna anayehesabu sana. Ndani ya mwethya mtu hasemi nimejenga. Hata ukiwa umebeba mawe kushinda wote, ukisema nimejenga, watu wataangalia chini kwa aibu kwa niaba yako. Aliyepika chakula amejenga. Aliyelea watoto wa wenzake amejenga. Mimi niliyezaliwa humo ndiye niliyeandika kwenye fomu kwamba msimamizi ni mimi, halafu nikampa afisa simu za watu ambao kwao neno hilo ni majivuno. Nikadhani hiyo ndiyo sababu. Nikakosea tena.

Nilitoka nje ya saiba, nikampigia mama.

"Mama, mbona umeambia watu wa ofisi sikujenga bwawa?"

"Nyamaza!"

"Mama, sikiza kwanza..."

"Nimesema nyamaza. Usitaje hiyo kitu kwa simu. Kwani huna akili?"

Akakata. Nikapiga tena, nikapata imezimwa. Nikapiga mara ya tatu, bado.

Niseme ukweli wa moyo wangu siku ile, kwa sababu nikiuficha hadithi hii haina maana. Iliniuma. Mama alikuwa amenitakia cherehani. Nilipoacha kushona nikashika koleo, hakunigombeza, lakini hakuniambia hata siku moja kwamba kazi yangu ni nzuri. Alikunywa maji ya bwawa lile, akapikia, akanywesha mbuzi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusimama mbele ya ule ukuta akasema, mwanangu, umefanya. Nilikuwa nimejifunza kuishi hivyo. Sasa mtu wa serikali alikuwa amemuuliza waziwazi, naye akasema si huyu. Nililia pale barabarani Kabati, mtu mzima mimi, nikijifanya vumbi limeniingia.

Sikwenda kwake. Hasira yangu ni ya aina hiyo, hunifanya niondoke badala ya kwenda kuuliza. Nilikwenda Kitui mjini, kwenye ofisi yenyewe iliyohudumia Kitui na kwetu Makueni pia, kumtafuta afisa aliyepiga simu.

Alikuwa bwana wa makamo mwenye kofia ya kufuma, wa zile familia za Kiislamu zenye asili ya pwani ambazo zimekaa Kitui tangu babu wa babu. Kiswahili chake kilitiririka mpaka ulimi wangu ukaogopa kutoka. Nikasema nimejenga kalvati za balabala nyingi. Alisikia ile l yangu mahali pa r, hakucheka wala kunirekebisha, na nikampenda kwa hilo.

"Dada yangu, keti," akasema. "Faili lako ninalo. Mimi siwezi kuthibitisha lile ambalo wenye kazi wamelikataa."

"Hao ni wazee, bwana afisa. Huko kwetu hatusemi mimi, tunasema sisi. Ni tabia tu."

"Hilo nalifahamu, nimezaliwa hapa." Akafungua faili, akavaa miwani. "Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Nimezungumza na akina mama watatu, wa vijiji vitatu, na wote wamenijibu maneno yale yale. Tulijenga sisi, yeye alikuwa anapita tu. Neno kwa neno, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja."

Sikujua hilo la kupita tu. Likanichoma upya.

"Nimeifanya kazi hii muda mrefu," akaendelea. "Nimeona watu wakifundishwa kumsifu mwombaji, hata asiyejua kushika mwiko. Kufundishwa kumkana sijaona. Alhamisi nina kazi Emali. Nitapita huko niuone huo ukuta kwa macho yangu."

Alhamisi. Kutoka hapo hadi Jumatatu ya kamati kulibaki siku tatu, na mbili kati ya hizo ni za mapumziko. Nikamshukuru, nikatoka, nikahesabu tena kwa vidole kama mtoto. Ilikuwa inawezekana, kwa shida.

Habari ya ukaguzi ilifika kijijini kabla yangu, kupitia kwa naibu wa chifu, ambaye kazi yake ni kufikisha habari na hobi yake ni kuziongezea. Alhamisi asubuhi nilishuka kwenye pikipiki pale mtoni, nikawakuta wameshafika. Akina mama kama ishirini, wa vikundi vyote vitatu, wamesimama juu ya ukuta wa bwawa kwa mstari. Wamevaa nguo za kanisani. Mama yangu alikuwa katikati, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameikunja. Nilipomkaribia akanisalimia kwa kichwa tu, kisha akanisukuma kwa kiwiko nikasimame nyuma yao.

"Leo wewe hufungui mdomo," akaniambia kwa Kikamba. "Hata neno moja."

Nikaona pia kwamba wengi wao wana mifuko. Si vyondo vya sokoni, mifuko hasa, iliyojaa. Mama mmoja mzee, mwenyekiti wa kikundi cha pili, alikuwa amevaa sweta mbili kwenye jua lile. Nikajiuliza kama kuna mkutano wa kanisa wanaokwenda baadaye. Nilikuwa na hasira mno kuuliza.

Afisa akafika, akaegesha gari, akateremka na ubao wake wa kuandikia na kinyundo kidogo. Akawaamkia wote, mmoja mmoja, shikamoo kwa waliostahili shikamoo. Akatembea juu ya ukuta kutoka ukingo huu hadi ule. Akagonga hapa, akagonga pale, akasikiliza. Akashuka chini upande wa mto, akapiga magoti, akatazama ulipokutana na mwamba. Nilipomwona akipitisha kidole kwenye maungio na kuitikia kwa kichwa taratibu, nilijua anaona ninachokiona mimi.

Akapanda tena. "Akina mama, ukuta huu ni nani aliyeujenga?"

"Ni sisi!" Wote, kwa sauti moja, kama wanaitikia sala.

"Msimamizi wenu alikuwa nani?"

"Ni sisi!"

"Na huyu dada aliye nyuma yenu?"

Mama yangu akasogea hatua moja mbele.

"Huyo alikuwa anapita tu," akasema. "Ni mtoto yangu, anakujanga kunisalimia. Hajui kitu ya simiti. Kama ni kuchukua mtu, chukua mimi. Mimi ndio mwenyekiti."

"Na mimi!" akasema yule wa sweta mbili.

"Na mimi!"

Afisa akabaki na kalamu hewani. Akamtazama mama, akaitazama ile mifuko, akavua miwani yake.

"Mama, niwachukue niwapeleke wapi?"

"Mahali mnapelekanga watu."

"Kwa kosa gani?"

"Si ukuta umeanguka?"

"Upi?"

"Hatujui. Nyinyi ndio mnajua. Mtu wa serikali akiuliza nani alijenga, ni kwa sababu kitu imeanguka."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaketi chini juu ya konkriti. Mama akamweleza afisa, na akina mama wakamsaidia, kila mmoja na kipande chake. Zamani, mimi nikiwa bado na cherehani, tangi moja la maji ng'ambo ya kilima lilipasuka. Wakaja watu kwa gari, wakasimama mbele ya wanakijiji, wakauliza, nani alijenga hili tangi? Fundi mwenyewe alikuwa papo hapo. Akainua mkono haraka, akitabasamu, akidhani anatafutwa apewe kazi nyingine. Wakampandisha gari. Akakaa huko muda, na aliporudi hakushika tena mwiko. Tangu siku ile, pande zetu, swali la nani alijenga lina jibu moja tu. Mama alipopigiwa simu na kuulizwa kuhusu bwawa, tena likatajwa jina langu, alisema alichosema, akakata, akawapigia wale wenyeviti wawili papo hapo na kuwapa maneno ya kusema. Nami nilipompigia, akaizima simu yake, nisije nikajitaja mwenyewe.

"Hii mifuko je?" afisa akauliza, ingawa nadhani alishajua.

Yule wa sweta mbili akaufungua wake. Kulikuwa na leso ya kujifunika, Biblia, sabuni kipande, na dawa zake za presha za mwezi mzima. "Huko ndani kunakuanga na baridi," akasema.

Afisa akageuka upande wa mto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliporudi kwetu uso wake ulikuwa umetulia, lakini macho yalikuwa na maji.

"Akina mama," akasema, "nisikilizeni vizuri. Hakuna kilichoanguka. Hakuna anayechukuliwa. Dada huyu ameomba laiseni ya ukandarasi, afanye kazi kwa jina lake. Mimi nimekuja kuona kama anastahili."

"Hakuna kitu imeanguka?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata ufa."

Sijawahi kusikia pumzi kama ile. Watu ishirini walishusha pumzi kwa pamoja, halafu vigelegele, halafu mtu akaanza wimbo wa tenzi, halafu wimbo ukakatwa na kicheko kwa sababu yule wa sweta mbili alikuwa anazivua moja baada ya nyingine akilalamika kwamba ameungua tangu asubuhi. Mimi nilicheka na kulia sijui kipi kilianza.

"Sasa niambieni ukweli," afisa akasema walipotulia. "Nani alikuwa akisema mmimine, na nani akisema msimame?"

Vidole vyote vikanielekea. Tena si kwa upole. Walikuwa wamebeba manung'uniko miaka mingi, na sasa serikali yenyewe ilikuwa imeketi kuyasikiliza.

"Huyo! Alitufanya tuoshe mawe. Mawe! Kama sufuria."

"Alimwaga karai yangu nzima akasema niliongeza maji."

"Na kweli uliongeza," nikasema.

"Niliongeza kidogo."

"Mchanga tulibeba kutoka mto wa karibu, akaonja kwa ulimi, akasema iko na chumvi, turudishe."

"Angalia hapa," akasema mwingine, akamshika afisa mkono na kumvuta mpaka kwenye mstari mwembamba ulio upande mmoja wa ukuta. "Hapa tulikuwa tumebakisha kidogo tumalize, mvua ikakuja. Sisi tukasema tumalize haraka. Huyu akasimama juu ya ukuta akatukataza kama ng'ombe. Akafunika na makaratasi ya nailoni. Siku ya pili akatufanya tukwaruze hiyo yote na tuoshe ndio tumimine ingine. Hatukumwongelesha wiki mbili."

"Na bado akatuambia tumwagilie ukuta maji kila siku," mama akaongeza. "Ukuta! Na sisi wenyewe tulikuwa na kiu."

Afisa alikuwa anaandika haraka, ukurasa wa pili, wa tatu. Kila lalamiko lao lilikuwa jibu la swali kwenye fomu yake. Sikujua kama ningeweza kujieleza vizuri hivyo hata ningepewa wiki nzima.

"Na mkamtii?" akauliza.

"Tungefanya nini?" mama akasema, kwa hasira bado. "Yeye ndiye anajua."

Nililisikia neno hilo. Alilisema akiwa ametazama ukuta, si mimi, na sidhani alijua amelisema. Nililichukua nikaliweka.

Afisa akafunga ubao wake. "Serikali haitaki kujua nani alibeba mawe," akawaeleza. "Inataka mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema simameni, na watu wakasimama. Na huyo huyo ndiye atakayejibu kazi ikiharibika. Hiyo ndiyo laiseni." Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Mama peke yake hakuitikia. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayefikiria hesabu.

Ijumaa afisa aliipeleka taarifa yake. Jumamosi sikula. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba bila kujua naimba nini. Jumatatu saiba ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni, na mama mwenye saiba alipofungua ukurasa wangu alipiga kelele kabla sijaona kitu. Daraja la chini kabisa, kazi za maji na kazi ndogo za konkriti, jina langu lote, hakuna herufi iliyokosewa. Tulichapisha nakala tatu. Nilifika Ikutha mchana, nikamkuta mwenyekiti wa kamati mezani na kalamu, jina la bwana wa Emali likiwa bado halijaandikwa. Alikisoma cheti changu mpaka chini, akainua kichwa akaniuliza, "Na mkandarasi yuko wapi?" Nikamwambia, "Amefika." Tulicheka mpaka kamati nzima ikageuka kututazama. Nilirudi nyumbani mwili umelegea wote, kama aliyetua mzigo wa kuni, na nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Jumapili iliyofuata nilikipeleka cheti kwa mama. Nilimkuta nje ya jikoni, ungo mapajani, akichagua ndengu. Akafuta mikono, akavaa miwani yake ya Biblia, akakishika kwa ncha za vidole asikichafue. Akapitisha kidole pole pole juu ya herufi.

"Hii ni jina yako."

"Ndiyo, mama."

"Na ya wengine iko wapi?"

"Hakuna wengine. Linaandikwa moja tu."

Akakigeuza kuangalia nyuma, kama huenda wengine wameandikwa huko. Hapakuwa na kitu.

"Na hiyo kivuko ikianguka?"

"Watanitafuta mimi."

Akanirudishia cheti changu, akauvuta ungo karibu, akaendelea kuchagua ndengu.

"Waambie wapitie hapa kwanza," akasema.